Kabla Ununue Kaunta ya Kwatsi, Uliza Jiwe Linakatwa Aje

Wacha nianze kwa kukiri kitu. Mwaka jana nililipwa elfu nane nisifu jiwe.

Nilisimama kwenye jikoni ya mtu hapa Kitengela, upande wa Acacia, simu iko kwa stendi, nikapapasa kaunta nyeupe yenye mishipa ya kijivu nikasema: "Hii kwatsi haishiki doa, haichomeki, haikwaruziki, na ni ya maisha." Video ikatembea. Watu wakauliza bei. Mama mmoja akaniandikia kwamba anauza ng'ombe Isinya ndiyo aweke jiwe kama hilo.

Sasa, kati ya hayo mambo manne niliyosema, ukweli ulikuwa kama moja na nusu. Na kuna kitu sikusema kabisa. Kijana aliyelikata jiwe lile alikuwa nje, amekaa juu ya ndoo ya rangi, nywele na kope nyeupe kama amemwagiwa unga wa ngano, akikohoa. Nilimwambia asogee kando ndiyo sauti isiingie kwa video. Akasogea. Akaniambia hata, "Pole, buda."

Hiyo "pole" ndiyo imenifanya niandike.

Mimi si mtaalamu. Nilisomea ukadiriaji wa majenzi kwa semesta tatu, karo ikakataa kupatikana, nikatoka. Sina cheti cha kuonyesha mtu. Lakini semesta tatu zinatosha kukufunza kushika tepu na kuuliza swali la pili. Kwa ile video sikufanya hata moja.

Mwaka huu zamu ikafika kwetu. Mathe amekuwa akijenga Kisaju mos mos tangu nikiwa shule ya msingi: leo mawe, mwaka ujao mabati, mwaka mwingine hakuna kitu. Sasa amefika finishi, ana mkopo wa sacco, na siku moja akanionyesha simu yake. "Nataka hii yako ya kwa video."

Nikakosa la kusema. Kumuuzia mtu usiyemjua ni rahisi. Kumuuzia mamako ndiyo kazi.

Jiwe lenyewe ni nini

Watu wengi wanafikiri kwatsi inachimbwa ikiwa bamba, inapigwa polishi, basi. La. Hiyo ni granaiti na marumaru. Kwatsi ya kaunta ni jiwe la kiwandani. Madini ya kwatsi yanasagwa, yanachanganywa na gundi ya plastiki inayoitwa resini pamoja na rangi, halafu mchanganyiko unashindiliwa kwa mtetemo huku hewa ikinyonywa nje, kisha unapikwa kwa joto hadi ugande. Mashine za kazi hiyo zilitoka kwa kampuni ya Breton ya Italia, na Caesarstone ya Israeli, iliyoanza 1987, ni kati ya walioisambaza duniani. Kwa uzani, zaidi ya asilimia 90 ya bamba ni kwatsi. Kinachobaki ni kama resini na rangi.

Kumbuka hizo namba mbili, kwa sababu karibu kila kitu kizuri na kibaya cha jiwe hili kinatoka hapo.

Kwatsi ni gumu. Kwa kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini liko 7, marumaru iko kama 3. Kisu cha jikoni hakilishindi. Resini nayo inaziba vinyweleo vyote, kwa hiyo mafuta, chai na bizari havizami kwa urahisi. Granaiti unahitaji kuipaka dawa ya kuziba kila baada ya muda. Kwatsi haitaki. Hapo sikudanganya.

Lakini resini ni plastiki, na plastiki na moto si marafiki. Kuanzia kama digrii 150 resini inaweza kuungua, ikaacha duara la manjano au ikapasuka. Mafuta ya kukaangia mandazi yanafika kama 180. Pani ya chapati ndiyo usiseme. Watengenezaji wenyewe wanakwambia usiweke sufuria moto moja kwa moja juu ya jiwe. Mimi nilikwambia haichomeki. Nisamehe.

Jua pia hulibadilisha rangi. Ukiona mtu anakuuzia kwatsi ya jikoni ya nje, ile ya kuchomea nyama, mwambie asante na uondoke.

Hesabu ambayo dukani hawakufanyii

Mimi na mathe tulizunguka siku mbili, Kitengela hadi Industrial Area. Jikoni yake ni ya umbo la L: ukuta mmoja mita 3.2, wa pili mita 1.8 ukishatoa kona. Jumla mita 5. Upana wa kaunta ni ule wa kawaida, sentimita 60.

Duka la kwanza: Sh22,000 kwa mita. Duka la pili: Sh34,000 kwa mita. Mathe akageuka mlangoni. "Hawa ni wezi, twende."

Nikamvuta mkono. Duka la kwanza lilikuwa linapima mita ya urefu. La pili lilikuwa linapima mita ya mraba. Ukipiga: 5 mara 22,000 ni Sh110,000. Kwa duka la pili, 5 mara 0.6 ni mita za mraba 3, mara 34,000 ni Sh102,000. Yule "mwizi" alikuwa nafuu kwa elfu nane. Elfu nane, ile ile niliyolipwa kwa video. Mungu ana utani.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni: "Mita gani?"

La pili: "Ndani ya hiyo bei kuna nini?" Tundu la sinki, tundu la meko, kona kulainishwa, kipande cha kupanda ukutani, usafiri, na kufunga. Duka moja lilikuwa na bei tamu sana hadi tulipoongeza hivyo vitu sita, ikawa ghali kuliko wote.

La tatu: "Mnakata bamba zima au mnachanganya vipande?" Bamba nyingi za kwatsi ni kama mita 3.2 kwa 1.6. Ukikata ukanda wa sentimita 60 mara mbili, jikoni ya mathe inatoka kwa bamba moja, na kunabaki ukanda wa sentimita 40 pamoja na kipande cha mita 1.4. Ukilipia bamba zima, hayo mabaki ni yako. Yanatosha kipande cha ukutani na hata meza ndogo. Wengi huyaacha dukani, halafu yanauzwa tena kwa mtu mwingine.

La nne: "Naomba kipande niende nacho nyumbani." Anayeuza kitu halisi atakupa. Kigeuze, upande wa nyuma, dondosha limau au siki. Kikitoa mapovu, hiyo ni chokaa iliyogandishwa na resini, marumaru ya bandia inayouzwa kwa jina la kwatsi. Kwaruza kwa ncha ya kisu. Kikichorwa mfereji, kirudishe. Kisha mwagia bizari na chai, ulale, uamke uangalie. Tulipewa vipande vinne. Kimoja kilitoa mapovu kama soda. Bei yake ndiyo ilikuwa chini kabisa, na muuzaji alikuwa ametuita "wazazi" zaidi ya wote.

Jikoni za huku si za Instagram

Wacha nikwambie kitu kuhusu huku kwetu. Kwanza, udongo. Sehemu kubwa ya Kitengela ni udongo mweusi, ule unaovimba ukinyesha na kupasuka kiangazi. Nyumba ikiwa mpya na msingi haukuchimbwa hadi chini kwenye mwamba au ardhi ngumu, itasogea. Kuta zitachora nyufa, na kaunta iliyobebwa na ukuta huo itafuata, hasa pale kwa sinki ambapo jiwe ni jembamba. Bamba la milimita 20 lina uzito wa karibu kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Kaunta ya mathe ni kama kilo 150. Hiyo si kitu cha kuegemeza kwa kabati la mbao laini lililopigwa misumari jioni moja. Kama nyumba yako ni mpya, iache ipitie msimu mmoja wa mvua kwanza. Jiwe halitaoza likiwa dukani.

Pili, maji. Wengi wetu tunatumia maji ya kisima yenye chumvi. Yakikauka juu ya jiwe jeusi linalong'aa, yanaacha alama nyeupe kuzunguka bomba. Utapangusa hadi uchoke. Rangi ya katikati yenye madoadoa inaficha vizuri kuliko nyeusi tii au nyeupe pe. Na usije ukamwaga Jik kali au asidi ya choo ukidhani unasafisha, kwa sababu unaila resini.

Tatu, upishi. Ugali wa watu saba unapikwa kwa sufuria nzito, na sufuria hiyo ikitoka motoni haitafuti kibao. Inatua panapopatikana. Kama nyumba yako ni hiyo, na huna nguvu ya kupigia kila mgeni kelele, granaiti inavumilia moto kuliko kwatsi. Na kama pesa ni kidogo, slebu ya zege iliyomalizwa kwa terazo safi si umaskini. Shule nyingi tulizosoma zina sakafu za terazo zilizokanyagwa na maelfu ya watoto, na bado ziko.

Kuna utani mwingine hapa. Sisi watu wa Kajiado tumekalia mawe. Marumaru imechimbwa karibu na mji wa Kajiado kwa miaka mingi, na kuna mawe ya chokaa yanayotoka huku kwenda viwanda vya saruji. Lakini ukitaka kaunta unaletewa bamba lililovuka bahari. Nakubali marumaru si ya jikoni ya mtu anayekamua ndimu kila siku, maana asidi inaila. Kwa madirisha, bafu na meza ya sebuleni, lakini, sielewi kwa nini hatuiulizii.

Sasa turudi kwa kijana wa ndoo

Nilisema ukumbuke ile asilimia 90. Kwatsi ni silika. Ikiwa bamba limelala jikoni kwako halikudhuru. Lipangue, likalie, pikia juu yake miaka ishirini. Shida inaanza pale diski ya grainda inapoligusa. Vumbi linalotoka ni laini mno, lile jembamba zaidi hulioni hata kwa macho, na linashuka hadi ndani kabisa ya mapafu na halitoki. Mapafu yanajenga makovu. Ugonjwa unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Unaongeza pia hatari ya kupata kifua kikuu, na Shirika la Utafiti wa Saratani la WHO limeliweka vumbi la silika kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

Silikosisi ni ugonjwa wa zamani wa wachimba migodi. Kilicho kipya ni kasi. Granaiti ina silika pia, lakini kiwango chake kwa kawaida ni chini ya nusu ya kile cha kwatsi. Marumaru ina kidogo sana. Kwa wakataji wa kwatsi, madaktari wa Israeli na Uhispania walianza kuona vijana wenye mapafu yaliyokwisha, wengine wakihitaji kuwekewa mapafu ya mtu mwingine. Australia ilichoka. Kuanzia Julai 1, 2024 ikapiga marufuku kutengeneza, kuuza na kufunga kaunta za jiwe hili, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo.

Sisi je? Tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na inasema wazi kwamba mwajiri ndiye wa kulinda afya ya mfanyakazi. Tuna pia sheria ya fidia kwa majeraha na magonjwa ya kazini, ya mwaka huo huo. Lakini kijana wa kibarua, analipwa jioni mkononi, hana barua wala jina kwa kitabu, atafidiwa na nani? Akikohoa anapewa likizo isiyo na malipo, kumaanisha amefutwa.

Nilienda kumtafuta. Nilitaka kumwomba msamaha, na kusema kweli nilitaka pia kumrekodi. Nikaambiwa amerudi kwao, kifua kinamsumbua. Sijui ana nini na sitajifanya daktari. Mwenzake aliyekuwa pale alikuwa anakata, kavu, na kitambaa cha pua kimeshuka kidevuni. Nikamuuliza kwa nini hatumii maji.

Akacheka. "Bosi, maji ya Kitengela unayajua? Bowza ni pesa ngapi? Tajiri anataka tumwagie mawe?"

Hapo nikanyamaza, kwa sababu ana hoja. Huku maji yananunuliwa. Nyumbani kwetu tunaoga kwa hesabu. Lakini hoja hiyo ina jibu. Maji ya kukatia jiwe hayamwagwi ovyo. Yanaelekezwa kwa tangi, tope linatulia chini, maji yanarudi kwa mashine. Duka la pili, lile la mita ya mraba, linafanya hivyo, na wakataji wake wanavaa maski nzito zinazobana uso, si zile za kitambaa za enzi ya Korona. Kwa hiyo inawezekana. Ni gharama tu, na mwenye duka amegundua kwamba ni rahisi kulipa gharama hiyo kwa kifua cha mtu mwingine.

Na hapa ndipo wewe mnunuzi unaingia

Utasema, "Mimi nanunua kaunta tu, serikali ifanye kazi yake." Ifanye, ndiyo. Lakini sikiliza jinsi vumbi linavyotengenezwa.

Fundi anakuja kupima. Sinki hujanunua, bado unaangalia. Bomba hujachagua. Kabati hazijafungwa zote. Unamwambia, "We kata tu, tutarekebisha." Jiwe linaletwa, sinki linakuja kubwa zaidi, bomba linataka tundu lingine. Basi kijana anawasha grainda ndani ya jikoni yako, madirisha yamefungwa vumbi lisifike sebuleni, hakuna maji kwa sababu dari limepakwa rangi jana. Nusu saa. Ukirudi unalalamika ameacha vumbi kwa makochi.

Hilo vumbi hukulipia mahali popote kwa risiti, lakini uliliagiza wewe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sisemi usinunue kwatsi. Nasema usinunue kabla ya mambo matatu. Moja: sinki, bomba na meko ziwe mkononi, na kabati ziwe zimefungwa, ndiyo vipimo vichukuliwe mara moja na matundu yote yatoboke karakana. Mbili: nenda karakana mwenyewe uone maji yakitiririka wakati wa kukata. Duka likikwambia hairuhusiwi kuingia, umeshajibiwa. Tatu: uliza kama wana bamba zenye silika kidogo. Watengenezaji wakubwa wameanza kuzitoa. Wakati mwingine hawana, sawa, lakini wauzaji huagiza kile wanachoulizwa.

Kwa granaiti ni masharti yale yale. Usidhani umeponyoka.

Mathe alisikiliza hii yote, amekaa kwa jiwe la msingi na leso mabegani. Kisha akauliza swali moja tu. "Sasa kwa nini ulisema vile kwa video?"

Nikamwambia nilikuwa nahitaji kodi.

Akanyamaza kidogo. "Na huyo kijana pia alikuwa anahitaji kodi."

Tulichukua granaiti ya kijivu yenye madoadoa, Sh13,000 kwa mita ya urefu, kutoka kwa wale wenye tangi la maji. Tungeipata kwa elfu kumi na mbili mahali pengine. Tofauti ya elfu tano kwa kaunta nzima. Mathe hulia juu ya elfu tano kama mtu mwingine yeyote, lakini hiyo hakuilalamikia. Siku ya kufunga, hakuna grainda iliyowashwa ndani ya nyumba. Mafundi walibeba, wakaweka, wakapiga gundi, wakanywa chai. Jioni ugali ukapikwa, sufuria ikatua juu ya jiwe bila kibao, na hakuna mtu aliyepiga kelele.

Ile video nimeitoa. Mwenye duka alinipigia akiwa amekasirika, na najua kazi yake sitapata tena. Yule mama wa Isinya nimemwandikia pia. Nilimwambia ukweli wote, ule wa moto, ule wa mita, na ule wa vumbi. Alijibu kwamba ng'ombe alikuwa bado hajauzwa.

Najua kuna wenzangu wanaotengeneza video za nyumba watasema ninaharibu biashara. Sawa. Lakini siku nyingine ukiwa unarekodi kaunta ya mtu na usikie kikohozi nje, usimwambie asogee. Geuza kamera.